Kocha wa Mlimani

Upareni kiwanja cha mpira huanza na jembe. Same mjini, pembeni ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, tambarare ipo ya kumwaga, ila ni kame na jua lake halina huruma. Ukipanda kuelekea Mbaga, Chome au Mamba Miamba, kijani kinaongezeka na ardhi ya bapa inapotea. Kilele cha Shengena kinapita mita 2,400, na vijiji vimeshikilia mbavu za milima kama kupe. Shule ikitaka uwanja, inaitishwa msaragambo: wazazi na wanafunzi wanachimba ubavu wa mlima, udongo wa juu unashushwa, ukingo unazuiwa kwa mawe. Hata hivyo goli moja hubaki juu kidogo kuliko jingine. Wanaoshambulia kuelekea bondeni hufurahi mpaka mpira utoke. Hapo mtoto mmoja lazima aufuate chini, katikati ya migomba na tangawizi ya watu.

Kocha ndiye anayejua nani atumwe, na nani ameshatumwa vya kutosha leo.

Mara nyingi mtu huyu hana cheo hicho popote. Anaweza kuwa mwalimu wa hisabati, lakini pia anaweza kuwa mtunza stoo, mlinzi, dereva au karani wa shule, jina lake liko chini kabisa kwenye orodha ya mishahara. Watoto wanamwita Mwalimu hivyo hivyo, na walimu wenyewe wamekwisha kuzoea. Kengele ya mwisho ikilia, anafunga stoo, anavaa raba, anatoka na mpira kwapani.

Tazama anavyoujaza upepo. Sindano ya pampu anailowesha mate kwanza, halafu anaiingiza polepole isije ikatoboa blada. Ukishajaa, anaudundisha mara moja kwenye saruji ya baraza, anaubonyeza kwa vidole gumba, kisha anautoa upepo kidogo. Anajua uwanja wake: kwenye udongo mgumu mpira uliojaa sana unaruka juu ya vichwa vya watoto, na mtoto asiyegusa mpira hachelewi kukata tamaa. Mshono ukifumuka anaurudishia kwa uzi wa fundi viatu. Mpira ukifa kabisa, wanarudi kwenye chandimu: matambara ndani, kamba ya katani nje. Zamani mifuko ya plastiki nayo ilisaidia, kabla haijapigwa marufuku mwaka 2019.

Lakini kazi yake kubwa ni ya macho. Huyu anachechemea kwa sababu kiatu ni cha kaka yake. Yule amepoteza kasi tangu juzi. Pengine anakuja mazoezini bila kula. Kwa ufundi huu wa kutazama, Afrika Mashariki ina mtu anayejulikana duniani. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland akafika Iten, Kenya, kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Ukocha wa riadha hakuwa ameusomea. Aliupata kwa kuwaangalia wavulana wakikimbia. Peter Rono, aliyepita shuleni hapo, alitwaa dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. David Rudisha, aliyenolewa na Bruda huyo huyo, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 London mwaka 2012, dakika 1 na sekunde 40.91. Babake Rudisha, mzee Daniel, alikuwa na medali yake mwenyewe ya fedha, aliyoipata Mexico mwaka 1968 katika mbio za kupokezana vijiti. Hata mtoto wa nyumba ile alihitaji macho ya mtu wa nje.

Mfano wa Iten unanisumbua kwa jambo moja tu: unaishia kwenye medali. Wengi wanaopita mikononi mwa kocha wa mlimani watakuwa manesi, madereva, wakulima, wauza duka Kariakoo. Kwangu mimi ustadi wake unaonekana zaidi kwa yule mtoto asiyejua mpira. Huyo hupewa kibendera, na hupewa kwa uzito wote: anafundishwa sheria ya kuotea, anaambiwa asiyumbishwe na kelele, na akiinyoosha bendera, kocha anaukubali uamuzi hata ukiwa unaiumiza timu yake.

Kulea mtoto wa mwenzio si jambo geni huku. Isaria Kimambo, aliyechapisha historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969, ameeleza jinsi watawala wa ukoo wa Wasuya kule Ugweno walivyolitumia jando kuijenga dola yao. Vijana walipelekwa mshituni, msitu wa jando, wakafundwa na watu wasio baba zao. Baadhi ya mishitu bado imesimama, miti mikubwa katikati ya mashamba.

Kupanga ratiba nako kuna ufundi wake. Wasabato walianza kazi Upareni mwaka 1903, na mpaka leo kuna maeneo, Suji kwa mfano, ambako Jumamosi hakuna wa kumshawishi mtoto aguse mpira. Jumapili ni ya Walutheri. Ijumaa mchana kuna swala, na Ramadhani ina hesabu yake. Kocha anayeelewana na mchungaji, mzee wa kanisa na shehe kwa wakati mmoja amefanya diplomasia ambayo mabalozi wanalipwa posho kwa ajili yake.

Mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, hupanda ngazi hadi taifa, na kadiri yanavyopanda ndivyo kishawishi kinavyokua. Mamluki hawakosekani: kijana aliyekwisha kuota ndevu anavalishwa jezi ya darasa la sita. Kocha anayekataa hufungwa mapema na kurudi nyumbani na watoto wake halisi. Halafu kuna ile miaka ya mwanzo wa 2000, mashindano yaliposimamishwa kabla ya kurejeshwa baadaye muongo huo huo. Bila kombe wala safari ya mkoani, aliyeendelea kutoka na mpira kwapani jioni alikuwa ameonyesha kilichomleta.

Mtu kama huyu akifariki, mabasi hupanda kutoka Dar na Arusha kuleta waombolezaji, na wasifu husomwa: alizaliwa, aliajiriwa, alistaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Mazoezi ya jioni hayana aya yake. Mshereheshaji anaongeza sentensi moja, marehemu alipenda michezo, anaendelea na ratiba.

Watoto wake wa kumzaa wangeweza kurekebisha wasifu huo, kwa kuwa wao ndio waliogawana baba na kijiji kizima. Wanakumbuka viatu vyao vilivyoazimwa siku ya mechi vikarudi vimechanika. Wanamkumbuka zaidi mama. Timu ngeni ikifika imechoka na kilima, yeye ndiye aliyeinjika sufuria kubwa la makande, mahindi yake na maharage yake, na mwisho wa msimu ghala la nyumbani lilikuwa limepungua kwa magunia ambayo shule haikuyaandika kwenye daftari lolote.