Kingo za Rangi, Mikono ya Sweta

Ukitaka kujua picha hizi za Mlima Elgon zilichorewa wapi, mlima wenyewe hautakusaidia. Ni uleule kila mara, umetazamwa kutoka Kitale jioni, jua limekwisha kushuka nyuma yake. Angalia ule ukingo unapokutana na anga. Kwenye baadhi ya picha, buluu ya mlima imeingia ndani ya rangi ya machungwa taratibu, hata huwezi kuweka kidole ukasema mlima umekomea hapa. Kwenye nyingine ukingo umekatwa kama kwa wembe. Zile laini zilichorewa Kitale. Zile kali zilichorewa Bungoma.

Mchoraji ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mkewe naye ni mwalimu mstaafu. Majina yao hayahitajiki hapa, kazi zao zinatosha. Baridi ya Juni inapoingia hufunga nyumba yao ya Kitale na kushuka Bungoma, kwenye boma la wazee upande wa Kanduyi, wakakaa huko mpaka Agosti iishe. Kwa Wabukusu wa Trans Nzoia si jambo la ajabu. Wengi walipata ardhi huko juu baada ya uhuru, katika mashamba waliyoyaacha walowezi, lakini "nyumbani" kulibaki Bungoma. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma mjini takriban 1,400. Wazee wa Ulaya huvuka bara zima wakafuata jua Malindi na Diani. Hawa wawili hupanda matatu, wakapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, na kabla ya chakula cha jioni wameshavua makoti.

Huko chini, yeye huchora na mkewe hufuma. Nimezitazama kazi zao kwa makini, na ninachotaka kusema ni kwamba joto lile wanalolifuata limeingia ndani ya umbo la kazi zao, wakati halionekani popote katika maudhui. Hakuna picha hata moja iliyokamilika inayoonyesha Bungoma. Hakuna sweta hata moja linalohitajika Bungoma.

Nianze na rangi, maana sababu yake ni ya kawaida kabisa. Mwalimu hatumii rangi za wasanii. Hutumia rangi ya mafuta ya kupakia madirisha na milango, kutoka dukani kwa vifaa vya ujenzi, juu ya vipande vya hadibodi. Kitale, kwa mawingu na unyevu wake, rangi hiyo huchelewa sana kukauka. Anga ya jana bado ni mbichi leo, na brashi ya mlima ikiigusa tu, rangi mbili zinachanganyika atake asitake. Bungoma, chini ya mabati, anga huwahi kukauka. Mlima unakuja juu ya kitu kigumu, na kingo zinabaki pale zilipowekwa. Mwenyewe husema picha za Kitale "zilimtoka tu" na za Bungoma "alizipanga". Mimi namwamini kuhusu zile za kwanza tu. Zile za pili hali ya hewa ilimsaidia kupanga.

Ila kuna jambo ambalo halibadiliki juu wala chini. Robo tatu ya chini ya kila picha ya mlima ni shamba la mahindi, na mistari ya mahindi haikutani. Mchoraji aliyesoma kanuni za upeo wa macho angeibana mistari ile kadiri inavyokwenda mbali, mpaka ikutane karibu na mlima. Mwalimu anaiacha ilingane, wa mbele na wa nyuma sawasawa, kama shamba limetazamwa kutoka juu na mlima umetazamwa kutoka chini. Nimemsikia mgeni mmoja akiliita hilo kosa la mtu asiyesomea sanaa. Sikubaliani naye. Mkulima wa Trans Nzoia anajua kwamba kati ya mstari na mstari kuna sentimita 75, na zinabaki 75 hata ukiwa upande wa pili wa shamba. Picha hii inasema kile ambacho mwenye shamba anakijua, hata kama jicho lake halimwambii hivyo. Isitoshe, ukiisogelea, chini ya rangi utaona miraba ya penseli iliyopigwa kwa rula. Kila mraba umebeba idadi ileile ya mimea. Picha imehesabiwa.

Kuhesabu huko alikutoa shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Sanaa na Ufundi iliingia katika masomo ya msingi pamoja na Sayansi Kimu, na walimu wa umri wao walilazimika kufundisha vyote, wawe na kipaji wasiwe nacho. Mwalimu alichora chati juu ya magunia yaliyofunguliwa na kupakwa rangi: ramani ya Kenya, mfumo wa usagaji chakula, sehemu za ua. Chati ni lazima isomeke kutoka dawati la mwisho. Haiwezi kuwa na ukungu, wala kitu cha nyuma hakiruhusiwi kuwa kidogo. Mahindi yake bado yamechorwa kwa ajili ya mtoto aliyekaa nyuma darasani. Mkewe kwa upande wake alifundisha wasichana, na wavulana wachache waliokubali, kufuma kwa sindano mbili. Serikali ilipozipunguza mada katika mtaala miaka ya mwanzo ya 2000, masomo hayo yalipoteza nafasi yake kwenye mtihani, lakini mikono ilikuwa imeshazoea.

Sasa sweta. Ninalolizungumzia ni sweta la shule la rangi ya damu ya mzee, shingo ya herufi V, michirizi miwili ya kijivu shingoni na kwenye pindo. Alimfumia mjukuu wake anayesoma Kitale, ambako sweta asubuhi si pambo. Limefumwa kutoka chini kwenda juu, kwa vitanzi vinavyobana kiunoni na vilivyolegea kidogo kifuani. Mikono ni mirefu kuliko ya mtoto, maana kila bibi hufuma kwa kukisia mwaka ujao. Mpaka hapo ni sweta kama masweta mengine yaliyofumwa kwa mkono, na sokoni yale ya mashine ni rahisi zaidi.

Kilichonishika ni mikono. Kidogo juu ya kiwiko, rangi ya damu ya mzee inapauka. Si sana, kwenye kivuli hutaiona. Uzi aliotoka nao Kitale uliisha akiwa Bungoma, akaenda sokoni, akapata rangi "hiyohiyo" ambayo kumbe si hiyohiyo, kwa sababu nyuzi zilizotiwa rangi siku tofauti mara nyingi hazifanani. Mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha. Wa kulia ulikuwa umefika juu ya kiwiko. Mfumaji mwenye haraka angeendelea tu, na sweta lingekuwa na mkono mmoja wenye kiraka. Mwenye aibu angefumua mkono mzima wa kulia na kuurudia kwa uzi mpya, akitumaini mtu hataona. Yeye aliufumua mkono wa kushoto uliokuwa mzima, mpaka safu ileile ambapo wa kulia uliishiwa na uzi, kisha akaimalizia mikono yote miwili kwa uzi wa Bungoma. Hesabu zake ni sahihi. Nimezihesabu safu kutoka kwenye pindo la kila mkono, na mabadiliko yanatokea mahali pamoja.

Hapo ndipo ninapouona ufundi. Ajali ya uzi imegeuzwa kuwa mpangilio, na mpangilio huo unaeleza safari waziwazi: sehemu hii ya Kitale, sehemu hii ya Bungoma, na mahali zinapokutana ni kamili pande zote mbili. Mumewe naye aliwahi kuishiwa na buluu katikati ya anga. Alinunua kopo jingine, akaona halifanani, akapaka anga yote upya. Chini ya anga hiyo kuna anga nyingine ambayo hatutaiona tena. Rangi humruhusu mtu kufuta alikotoka. Uzi haumruhusu, ila kwa gharama ya kufumua. Kwa maoni yangu sweta ni kazi bora kuliko picha zote kumi na kitu zilizoegemezwa ukutani, na sababu ni huo uamuzi mmoja juu ya kiwiko.

Wapo watakaosema ni mapenzi ya kupita kiasi kulisoma sweta la mtoto wa darasa la tatu namna hii. Lakini mtu yeyote aliyetembelea maboma ya kienyeji yaliyojengwa kwenye uwanja wa Makumbusho ya Kitale anajua kwamba katika sehemu hizi umbo halikuanza na turubai. Nyumba ilisiribwa na wanawake: udongo, majivu, mikanda ya rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi ikizunguka ukuta. Ghala la nafaka lilisukwa kwa fito na wanaume. Kwa hiyo hapo zamani mwanamke ndiye aliyeshika rangi, na mwanamume ndiye aliyepitisha kitu kimoja juu na kingine chini. Misheni na shule ziliwapindua. Katika miaka ya ukoloni, vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, shirika lililoanzishwa mwaka 1952, vilimfundisha mwanamke kushona na kufuma kama sehemu ya kuwa mama bora. Picha zikawa kazi ya bwana mwalimu. Katika nyumba hii ya Kanduyi kila mmoja ameshika kazi ya babu au bibi wa mwenzake, na nadhani ndiyo maana jicho la mkewe kwa rangi ni kali kuliko lake. Anaona mapema. Anamwambia, "Mwalimu, hiyo buluu haijakaa," naye anajibu, "Ngoja ikauke, Mama."

Huwa namfikiria Sane Wadu, aliyeacha kazi ya ualimu miaka ya 1980 akawa mchoraji, na mkewe Eunice, ambaye naye ni mchoraji, huko Naivasha. Wadu alianza kwa kupaka rangi kwenye nguo alizozivaa mwenyewe, watu wakamwona amerukwa na akili, na jina lake la usanii likatokana na kejeli hiyo. Yeye aliuvunja ubao wa shule vipande vipande. Mwalimu wetu hajauvunja, na sidhani anataka. Uzuri wa kazi yake uko katika utii, na udhaifu wake uko papo hapo.

Udhaifu huo unaonekana kwenye kipande kimoja ambacho hajakimaliza. Agosti ya kila mwaka shufwa Bungoma hulipuka kwa tohara, na vijana hupita barabarani wakigonga njuga za chuma, na siku yenyewe ya kutahiriwa hupita mwili umepakwa tope, nyuma yao umati ukiimba. Alijaribu kumchora mmoja. Akapiga miraba yake ya penseli kama kawaida, akaweka miguu mrabani, mikono mrabani, na kijana akasimama wima kama chati ya mwili wa binadamu. Amempaka upya mara nyingi kiasi kwamba hadibodi imevimba kwenye kifua. Mkewe ameshauri amchore kwa nyuma, akiondoka, nusu yake iwe imetoka nje ya picha. Mwalimu anasema picha ya hivyo haijakamilika, mtoto wa nyuma darasani hataelewa ni nini. Mimi naona mkewe yuko sahihi, ila kwa sharti moja: Mwalimu amchore hapohapo Bungoma, ambako rangi inakauka upesi, maana tope lile linahitaji ukingo mkali. Akimpeleka Kitale, kijana atayeyuka ndani ya barabara.