Kibaba kwa Nusu Rupia: Ufafanuzi wa Kitaalamu na Mahubiri ya Kitabu cha Ufunuo

Wanafunzi wetu wa isimu ambao ni wahubiri makanisani mwao hutuuliza kama inafaa kuvisoma vitabu vinene vya ufafanuzi wa Ufunuo wa Yohana, ambavyo nusu ya kila ukurasa ni Kiyunani, Kiebrania na tanbihi. Tunajibu kwamba inafaa, ila faida yake si ile wanayoitafuta. Wengi huvifungua ili waambiwe yule mnyama wa sura ya 13 ni nani leo. Mfafanuzi huwaonyesha kwamba jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi za Kiebrania hujumlika kuwa 666, na kwamba ziko hati za kale zenye 616, kisha hunyamaza.

Tuutazame mstari mmoja tu, 6:6, ambapo baada ya farasi mweusi sauti inatangaza bei ya ngano na ya shayiri. Tafsiri ya Union (Biblia nzima, 1952) inatumia maneno «kibaba» na «nusu rupia». «Kibaba» si neno baya, kwa kuwa kipimo cha Kiyunani kilikuwa karibu lita moja, chakula cha mtu mmoja kwa siku. Lakini «nusu rupia» inaficha jambo. Neno la asili ni dinari, na watafsiri hao hao katika Mathayo 20:2 wameiacha iitwe «dinari», ujira wa kibarua wa kutwa. Msomaji wa Kiswahili peke yake hana njia ya kutambua kwamba bei ile ni mshahara wa siku nzima.

Hapo ndipo ufafanuzi wa kitaalamu unapomsaidia mhubiri. Wataalamu, wakitegemea hotuba za Cicero dhidi ya Verres, wanakadiria kwamba dinari moja ilinunua vibaba 12 vya ngano au 24 vya shayiri. Basi ngano imepanda mara 12 na shayiri mara 8. Nafaka haijakosekana sokoni; iko, ila kibarua akishaila yeye, mkewe na watoto hawana kitu. Tofauti hii si ndogo kwetu, kwani tumezoea kusikia mimbarini kwamba njaa imeandikwa, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Bei haishuki kama mvua.

Tulimsikia mhubiri mmoja hapa Lubumbashi akiyasoma yote hayo kama yalivyo: kipimo, dinari, Cicero, Verres. Baada ya ibada mama mmoja mzee akamwuliza: «Pasta, huyu Cicero alikuwa nabii wa wapi?» Mwingine, aliyekisoma kitabu kile kile, hakumtaja mtaalamu hata mmoja. Aliwakumbusha wazee mwaka 1993, zaire mpya moja ilipochukua nafasi ya zaire 3.000.000 za zamani, akawauliza mshahara wao ulinunua unga wa bukari kiasi gani. Watu walinyamaza. Huyo ndiye aliyeutumia ufafanuzi.

Lakini alipofika kwenye mafuta na divai, ambavyo sauti inakataza visidhuriwe, alisema bila kusita kwamba ni anasa za matajiri. Hapo hatukubaliani naye. Wako wanaokumbuka amri ya Domitiano, yapata mwaka 92, ya kung'oa sehemu ya mizabibu ya majimboni. Wengine wanaona tu kwamba Mungu ameiwekea njaa mpaka. Yeye alikuwa ameusoma ubishi huo, akauficha.

Wafafanuzi nao wasisomwe kwa kusujudiwa. R. H. Charles, katika juzuu zake mbili za 1920, alitoa sarufi ya Ufunuo ambayo mwanaisimu hawezi kuipuuza; hata hivyo aliupanga upya mwisho wa kitabu, kuanzia 20:4, akimlaumu mhariri asiye na akili. Kuhusu kosa mashuhuri la kisarufi katika 1:4, G. K. Beale (1999) anasema limekusudiwa, ili Kutoka 3:14 isikike. Kiswahili, kisicho na mnyambuliko wa nomino wa namna ile, hakiwezi hata kulionyesha kosa lenyewe. Hilo na libaki mezani kwetu. Ila «nusu rupia» tungependa watafsiri wajao waiondoe, waandike «mshahara wa siku».