Mikono ya Anayeangusha

Uhakiki wa Kiswahili umemzoea mtazamaji wa usiku mmoja. Humkuta uwanjani, ukaipima hadhira kwa vicheko na vigelegele vyake, kisha ngoma ikivunjika ukamwacha aende zake. Mtazamaji aliyedumu na fani moja kwa miaka thelathini, akaota mvi mbele yake, hana hata istilahi. Huitwa shabiki, neno ambalo siku hizi limebeba kelele zaidi kuliko maarifa. Na ikiwa fani yenyewe ni mieleka ya Kimarekani, hata heshima hiyo ndogo hunyimwa. Husemwa kwamba mtu mzima yule hajakua.

Ilhali watu wa namna hiyo wapo, na si haba. Wapo Shinyanga mjini na Kahama, wapo Geita na katika vijiji vya machimbo kama Nyarugusu na Rwamgasa, wameketi juu ya mabenchi ya vibanda umiza miongoni mwa vijana walio rika la wajukuu wao. Walianza zamani. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, na kabla ya hapo picha zilifika kwa kanda za video na umeme wa jenereta. Dhahabu ndiyo iliyovuta kila kitu: palipopatikana mbale palifika karasha, palifika mama ntilie, ikafika mitumba, kikafika na kibanda cha video. Mchimbaji aliyelipa kiingilio akiwa na miaka ishirini na mitano, leo ana hamsini na ushei. Amehama machimbo mara nyingi, amepata na amepoteza. Mieleka hakuihama.

Swali la kwanza aulizwalo ni lile lile: kwani hajui kuwa ni uongo? Anajua. Jambo hilo si siri tangu mwaka 1989, pale kampuni ya WWF yenyewe, ambayo tangu 2002 huitwa WWE, ilipowaeleza watunga sheria wa jimbo la New Jersey kwamba yake ni burudani na si mashindano. Haja yake ilikuwa kuepukana na kanuni na kodi za michezo. Mshindi hupangwa kabla ya kengele kulia. Lakini swali hilo halipendezi kinywani mwa mpenzi wa ushairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walipotupiana tungo katika karne ya 19, uhasama wa miji yao ulikuwa wa kweli na wafu wa Shela walikuwa wa kweli, ila kejeli zao zilipimwa kwa mizani na kufungwa kwa vina. Hakuna aliyesema kuwa, maadamu zimepimwa, basi ni za uongo. Na kule Makunduchi, kila Julai katika Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hutandikana kwa magomba mbele ya umma mzima. Kila aliyepo anajua kwamba hakuna atakayeuawa. Anajua pia kwamba kinyongo kinachotolewa pale ni kinyongo hasa.

Usukumani elimu hiyo ni kongwe kuliko televisheni. Mbina, yaani ngoma za mashindano, zina pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, ambazo masimulizi huzirudisha kwa mafundi wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Mavuno yakiisha, pande mbili hupiga ngoma katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Kwa hiyo kila hila ya kuyateka macho ni halali: dawa ya mvuto iitwayo samba, nyimbo za kumdhalilisha manju wa upande wa pili, vinyago, chatu shingoni mwa wachezaji wa Bayeye. (Wanamieleka wa Kinshasa, ambao huingia ulingoni na uganga wao waziwazi, wangejiona wako nyumbani.) Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alipozipa ngoma hizo mahali katika sikukuu ya Bulabo pale Bujora, karibu na Kisesa, hakuzipatanisha pande mbili. Alikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba Bagika bila Bagalu ni watu wanaorukaruka tu. Mtu akishaingia upande mmoja, aghalabu huzeeka nao. Na mzee anapokuja uwanjani haji kutafuta nani ana haki. Anakuja kuona kama upande wake bado una ubunifu, na kama upande wa pili bado unastahili kuchukiwa.

Mhakiki mashuhuri kuliko wote aliyeiandika mieleka ni Mfaransa Roland Barthes, ambaye insha yake juu ya kumbi za Paris imo katika kitabu chake cha 1957, Mythologies. Aliona mengi sawasawa. Aliona kwamba hadhira haijali kama mchezo umepangwa, kwa sababu inachokitafuta ni ishara: sura ya mateso, sura ya hiana, sura ya adhabu iliyomfika anayestahili. Lakini alidai pia kuwa ndondi ndiyo hadithi inayojengwa kwa muda, ilhali katika mieleka kila tukio hujitosheleza na halihitaji kesho yake. Hapo mzee wa Kahama angemkatiza. Barthes aliandika kama mtu aliyehudhuria jioni kadhaa. Mieleka iliyokuja na televisheni si shairi la beti nne linaloisha kabla kahawa haijapoa. Ni utenzi, na beti zake zimetawanywa katika miongo.

Ushahidi wa hilo ni Undertaker. Aliingia katika WWF mwaka 1990: mtu mrefu aliyevaa kama mzika wafu, taa zikizimwa, kengele ikigonga, akitembea polepole kana kwamba ulingo ungemsubiri hata mwaka mzima. Kuanzia 1991 hakushindwa hata mara moja katika onyesho kubwa la kila mwaka, WrestleMania. Alifikisha ushindi wa 21. Tarehe 6 Aprili 2014, mjini New Orleans, Brock Lesnar alimshinda, na ukumbi wa maelfu ya watu ukanyamaza. Kijana aliyeingia kibandani usiku ule kwa mara ya kwanza aliona mtu mmoja ameanguka. Aliyekuwa akitazama tangu mwanzo aliona miaka 23 ikianguka, ikiwamo ya kwake. Na alipoaga Novemba 2020, akiwa na umri wa miaka 55, kwa sababu ya Uviko hapakuwa na mtu kwenye viti. Watazamaji walikuwa nyuso tu katika vioo vya televisheni vilivyozunguka ulingo. Kwa miaka thelathini shabiki wa rika lake alikuwa amemtazama akizeeka kwa kasi ile ile ya magoti yake mwenyewe. Ushairi hautoi jambo hilo mara nyingi. Mshairi huzeeka faraghani, na mashairi yake hubaki vijana.

Kuzeeka kwa mtazamaji, hata hivyo, hubadili kile anachokitazama, na hili ndilo ambalo wahakiki wa mieleka wamelipita. Kijana hutazama pigo. Mtu wa makamo hutazama hadithi: nani alimsaliti nani, na fidia italipwa lini. Mzee hutazama mikono ya anayeangusha. Huona kwamba Undertaker anapomgeuza mwenziwe kichwa chini na kumshusha sakafuni, magoti yake mwenyewe ndiyo yanayogonga kwanza, na kichwa cha yule mwingine kimehifadhiwa katikati ya mapaja, juu kidogo ya hatari. Huona kiganja kinachobana kifundo cha mkono kutoa ishara. Huona anayeinuliwa akijirusha mwenyewe ili kupunguza uzito wake. Mwanamieleka bora si yule anayeumiza. Ni yule ambaye wenziwe hawaogopi kumkabidhi shingo zao. Neno la Kiswahili kwa uhusiano huo lipo, nalo ni amana.

Imezoeleka kusemwa kwamba wachimbaji hupenda mieleka kwa kuwa ni watu wakali, waliozoea ugomvi wa machimboni. Maneno hayo hutoka kwa watu ambao hawajapata kusimama mdomoni mwa duara. Duara la mchimbaji mdogo huweza kwenda chini makumi ya mita, na anayeshuka hushuka kwa kamba. Juu yupo mtu mmoja au wawili wanaoishika au wanaozungusha winchi. Aliye chini haoni nyuso zao; anaziamini. Pale Nyangalata, wilayani Kahama, mwaka 2015, watu watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi iliyokuwa imewafukia. Januari 2017, mkoani Geita, wachimbaji 15 waliofukiwa katika mgodi wa RZ walitolewa wazima. Majina ya wasiotolewa ni mengi kuliko hayo, na aghalabu hayakuandikwa popote. Katika nchi ya namna hiyo kuanguka si majazi. Mtu anayelipa ili aone wanaume wawili wazito wakiangushana usiku kucha, kisha wote wawili wakanyanyuka, hatafuti ukali. Ukali anao wa kumtosha. Anatazama kamba ikishikwa vizuri.

Ndiyo maana usiku mmoja hausahauliki na wapenzi wa fani hii, wala haupaswi kusahauliwa na wahakiki wake. Tarehe 23 Mei 1999, mjini Kansas City, Owen Hart alipangiwa kushuka ulingoni kutoka darini kwa kebo, kama kichekesho. Kifungo kilichomshika kilifunguka kabla ya wakati, akaanguka umbali wa mita 24 hivi, akafa. Mtangazaji alilazimika kuwaambia watazamaji wa nyumbani kuwa lililotokea si sehemu ya onyesho, kwa sababu fani yenyewe ilikuwa imewafundisha kutoamini anguko lolote. Na onyesho likaendelea. Wapo wanaolitetea jambo hilo kwa kusema kuwa ukumbi ulikuwa umejaa na watu wamelipa. Utetezi huo haufai kitu. Machimboni mtu akifukiwa, hata karasha la jirani huzimwa.

Amana huvunjwa pia kwa njia isiyomwaga damu, na hapo shabiki wa Afrika Mashariki ana kesi yake peke yake. Mwaka 1982, huko Memphis, mwanamieleka Mmarekani mweusi, James Harris, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1950, alipewa jina la Kamala na kutangazwa kuwa ni jitu kutoka Uganda, lililowahi kumlinda Idi Amin. Alipakwa rangi usoni na tumboni, akavishwa shuka la mfano wa ngozi ya chui, akaingia peku na mkuki, hasemi neno ila kuguna, akiongozwa na mtu aliyevaa kofia ya mabwana wa kikoloni. Ulikuwa ni mwaka wa tatu tu tangu majeshi ya Tanzania yaingie Kampala. Wanaume wa Shinyanga na Geita waliopigana vita vya Kagera walikuwa hawajamaliza kuwazika wenzao, na ng'ambo ya bahari Uganda ilikuwa tayari imegeuzwa kichekesho. Mwaka 1992 Undertaker alimfungia Kamala ndani ya jeneza mbele ya umati uliofurahi.

Mzee anayeipenda fani hii hawezi kuliruka tukio hilo, na wala hapaswi kulisamehe kwa kisingizio kwamba zama zilikuwa zile. Lakini akilitazama kwa jicho lake la sasa, huona jambo la pili: ndani ya rangi ile alikuwamo fundi. Harris aliwabeba wenziwe vizuri. Baadaye alilalamika hadharani kuwa alilipwa kidogo kuliko aliopigana nao. Kisukari kikamla miguu yote miwili, akafa Agosti 2020. Kwa hiyo tusi lilitupwa upande wa Afrika, na aliyelibeba mgongoni alikuwa mtu mweusi maskini wa Mississippi aliyekuwa akitafuta mkate wake. Mhakiki aliye na hasira na Kamala hana budi kuchagua vizuri mahali pa kuielekeza.

Na sasa Uganda imejibu, pasipo kuulizwa. Tangu mwaka 2023, huko Mukono, vijana wa Soft Ground Wrestling hupigana mieleka katika ulingo wa udongo uliozungushiwa nguzo za miti. Godoro la kitaalamu ni ghali, hivyo udongo hulainishwa kwa maji ukawa tope, nalo tope ndilo linalopokea mgongo. Picha zao zimezunguka dunia kwa simu za mkononi, na zimefika pia katika vibanda vya Geita, ambako tope jekundu halihitaji kuelezwa. Hakuna mkuki wala ngozi ya chui. Kuna vijana wenye majina waliyojichagulia, wanarushana hewani kutoka juu ya nguzo, wanatua kwa kishindo, wanacheka.

Ufundi wao haujakomaa. Wengi huruka kabla ya kuhakikisha kwamba aliye chini yuko tayari kuwapokea, na mtazamaji mzoefu hushika pumzi mahali ambapo kijana hupiga makofi. Lakini wapo wachache, hasa miongoni mwa wasichana, ambao mkono mmoja unaporusha, mwingine tayari umeshapita nyuma ya kisogo cha mwenzao.