Slipa za Sufu: Hesabu ya Kusinyaa na Tatizo la Soli

Slipa ya sufu iliyogandamana hufumwa kubwa kupita kiasi. Ikitoka kwenye sindano humeza mguu mzima, na kitambaa chake ni legelege hata ncha ya kidole hupenya kati ya vitanzi. Maji ya moto, sabuni na msuguano ndivyo vinavyoirudisha kwenye kipimo cha mguu, na kitambaa hutoka kizito, chenye joto, kisichofumuka hata kikikatwa kwa mkasi. Leo viatu hivi vya ndani hupendwa zaidi katika nchi za baridi kama Norwei na Sweden, lakini mbinu yenyewe imeenea mbali. Chechia ya Tunisia, ndugu wa tarbushi inayojulikana pwani yetu, hufumwa na wanawake wa Ariana ikiwa kofia kubwa nyeupe, kisha husuguliwa kwa maji ya moto na sabuni huko El Batan hadi isinyae.

Siri imo ndani ya unywele wa sufu. Ngozi yake ya nje ina magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa, yote yakielekea nchani. Unywele ukisuguliwa ukiwa umelowa, husogea kwa urahisi kuelekea shina lake, lakini magamba huuzuia usirudi. Kila msuguano huuzamisha zaidi kati ya wenzake, mpaka nyuzi zishikane zisiachane tena. Wafumaji wengi husisitiza kuhamisha kitambaa kutoka maji ya moto hadi ya baridi, lakini kazi kubwa hufanywa na msuguano. Maji ya moto na sabuni huufungulia njia tu.

Kwa sababu hiyo uchaguzi wa uzi hauna mzaha. Akriliki, ambayo ndiyo uzi wa sweta nyingi za bei nafuu, haina magamba na haigandamani hata ikichemshwa. Sufu ambayo lebo yake inaruhusu kufuliwa kwa mashine nayo haifai: magamba yake yameliwa kwa klorini au kufunikwa kwa utando wa plastiki. Kondoo mwekundu wa Kimasai hana msaada hapa, kwani ana nywele fupi badala ya sufu. Inayotakiwa ni sufu ya kondoo kama Merino au Corriedale. Lebo ikipotea, kipande cha uzi huchomwa. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, ilhali akriliki huyeyuka na kuganda kuwa kishanga kigumu. Jaribio hilo halitofautishi sufu ya kawaida na ile iliyotibiwa, hivyo kipande cha majaribio bado kinahitajika.

Kipande hicho hufumwa kwa uzi na sindano zilezile za slipa. Uzi ambao kwa sweta ungefumwa kwa sindano za milimita 5 hupewa za milimita 8, ili nyuzi zipate nafasi ya kutembea. Chukulia kipande cha sentimita 20 kwa 20 kimesuguliwa kikabaki na upana wa sentimita 16 na urefu wa 14. Upana umebaki asilimia 80, urefu asilimia 70. Ni kawaida urefu kupungua zaidi, na anayetumia kiwango kimoja kwa pande zote mbili hupata slipa fupi na pana. Mguu wa sentimita 25 utahitaji 25 kugawanya kwa 0.70, yaani karibu sentimita 36 za kufuma. Mzunguko wa sentimita 24 utahitaji 24 kugawanya kwa 0.80, yaani 30. Ikiwa vitanzi 12 hujaza sentimita 10, mzunguko huo ni vitanzi 36.

Umbo rahisi huanzia kisiginoni. Sehemu ya nyuma hufumwa bapa, kwenda na kurudi. Ikifika juu ya mguu hufungwa kuwa duara hadi vidoleni, ambako vitanzi hupunguzwa. Kisigino hushonwa mwishoni, kwa mshono usiojikunja, kwa kuwa kila uvimbe huganda na kuwa mgumu.

Kwenye mashine, slipa huwekwa ndani ya foronya iliyofungwa ili manyoya yasizibe bomba, pamoja na suruali ya jinzi ya kuongeza msuguano. Kwa mkono, beseni na ubao wa kufulia vinatosha, ila ni kazi ya jasho. Slipa hukaguliwa mara kwa mara, na dalili ya kusimama ni vitanzi kutoonekana tena. Ikipitiliza, hairudi. Ingali mbichi huvutwa mguuni hadi ikae, kisha hujazwa magazeti na kuachwa ikauke siku moja au zaidi.

Hapo ndipo tatizo la pili huzaliwa. Soli imekuwa laini na haina pa kung'ata. Juu ya vigae au mbao zilizong'arishwa, manyoya yake hulala na kuteleza. Dawa yoyote hupakwa baada ya kusinyaa, kwa maana sehemu iliyopakwa mapema haitasinyaa na wenzake.

Njia nyepesi ni nukta za lateksi au za silikoni ya kuzibia kingo za masinki. Isiachwe juu juu: hukandamizwa kwa kijiti iingie kati ya nyuzi, la sivyo itabanduka. Nukta nyingi ziwekwe ukingo wa nyuma wa kisigino, maana mtelezo wa hatari huanza kisigino kinapogusa sakafu, halafu chini ya vidole. Kupaka soli nzima huzuia jasho kutoka. Mwenye mzio wa mpira aepuke lateksi.

Njia imara ni kushona. Ngozi hukatwa ndogo kidogo kuliko soli, upande wenye nyuzinyuzi ukitazama chini, na kutobolewa kwa msharasi pembeni. Sindano hupita nusu ya unene wa sufu tu, ili mguu usihisi uzi. Ngozi hushika vizuri sakafu ya mbao, lakini hung'aa kwa kutumika, na juu ya vigae vyenye maji haina msaada. Tyubu kuukuu ya baiskeli au gari hushika zaidi, mradi matobo yawe ya duara. Tobo la mkato huendelea kuchanika. Mpira wa tairi, kama wa katambuga, ni mzito mno kwa kiatu laini namna hii.

Kwa nyumba yenye zulia na mbao, nukta zinatosha na hurudiwa zikilika. Kwa mzee anayetembea juu ya vigae, soli ya mpira iliyoshonwa ndiyo ya kuchagua.