Polisi wa zamani mwenye hapendi kuchunguza

Wandugu, kama muko na masaa mbili ya kupumzika, mutafute Komm, süßer Tod, filme ya Austria ya mwaka 2000. Wolfgang Murnberger aliitengeneza akifuata kitabu cha Wolf Haas. Josef Hader anacheza Brenner, polisi wa zamani mwenye sasa anaendesha ambulansi mjini Vienna. Kule mashirika mbili, Kreuzretter na Rettungsbund, yanagombania wagonjwa kama vile shofere wa taksi wanagombania abiria. Mtu yuko chini anaumia, na swali la kwanza ni: huyu ni wetu ao ni wao?

Siku moja watu wawili wanapigwa risasi wakiwa wanabusiana. Katika filme za upelelezi tulizozoea, hapo njo shujaa anaamka. Brenner yeye anataka amani tu. Ni Berti, kijana mwenye wanatumika pamoja, njo anakimbilia kuchunguza. Shefu naye ana wasiwasi moja: kama wale wengine wanasikiliza redio yake. Watu wanakufa, biro inalinda redio!

Unacheka, halafu kicheko kinakwama kwa koo. Mimi niko mtu wa kilimo. Kwa mahindi, kuna mdudu mwenye kukaa ndani ya shina wakati wewe unaangalia majani. Filme inatuchezea vile vile. Inatuonyesha adui wa ngambo ya pili mpaka tunasahau kuuliza nani anafaidika wazee wakikufa, wakiwa wameachia shirika mali yao. Jibu liko ndani ya nyumba, kwa karatasi zenye saini.

Haikosi kasoro. Klara, mpenzi wa zamani wa Brenner, anapewa nafasi kidogo sana, na mbio za ambulansi zinafanana wakati mwingine na zile filme zenye inacheka.

Lakini inatuhusu, sisi wenye tunangoja kazi na diploma mkononi. Brenner haiko mtu mubaya. Ana kazi, ana mshahara, amechoka. Kila siku anajiambia: hiyo haiko kazi yangu. Wote wakisema vile, muuaji hana haja ya kujificha.

Siku utapata kazi, na dosie moja mbele yako haisimame vizuri, utafanya nini?