Kadi ya Saa Mbili

Kila Jumatano asubuhi, tangu 1971, wapenzi wa ndege hukutana kwenye Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, kisha hutoka pamoja kwenda kutazama. Aliyeanzisha matembezi hayo ni Fleur Ng'weno, chini ya chama ambacho leo kinajulikana kama Nature Kenya na ambacho mizizi yake ni ya 1909. Jumapili moja kila mwezi hutoka tena, safari hii mbali kidogo na mji. Ukiwakuta njiani utasema hawa wamekuja kustarehe: darubini shingoni, chai kwenye chupa, ubishi usiokwisha kuhusu kile kidege cha kahawia kilichopotelea kichakani. Ni starehe kweli. Ila starehe hiyo inatoa takwimu ambazo wanasayansi wanazitegemea, na ufundi wa jinsi zinavyopatikana unastahili kuchambuliwa.

Kikwazo ni kwamba mtu akiachwa huru huandika kinachompendeza. Tai akipita, kila daftari litakuwa naye. Kunguru aliye juu ya paa hana wa kumwandika. Kusanya madaftari ya aina hiyo kwa miaka kumi, utapata nchi iliyojaa ndege adimu na isiyo na kunguru. Baya zaidi, daftari halikuambii lolote kuhusu ndege asiyetajwa. Hakuwepo, au hakuna aliyemtafuta?

Mradi wa Ramani ya Ndege wa Kenya, ulioanza 2013, ulilijibu swali hilo kwa kuazima utaratibu uliokuwa ukitumika Afrika Kusini tangu 2007. Nchi inagawanywa katika miraba midogo iitwayo pentadi, kila mmoja ukiwa na dakika 5 za latitudo kwa dakika 5 za longitudo, yaani kama kilomita 9 kila upande huku kwetu karibu na ikweta. Mtazamaji huingia katika mraba mmoja na kutafuta kwa bidii muda usiopungua saa mbili, akijitahidi kufika kwenye kila aina ya mazingira yaliyomo: msitu, bwawa, shamba, soko. Anaandika kila spishi mara moja tu, kwa mpangilio alivyoziona au kuzisikia. Orodha hiyo ndiyo kadi. Akitaka anaweza kuendelea kuongeza hadi siku tano, kisha kadi inafungwa.

Hakuna kuhesabu vichwa. Wengi hushangaa hapo, na mimi naona hapo ndipo penye akili. Kuhesabu kundi la ndege wanaoruka ni kazi ngumu, na watu wawili hawatapata jibu moja; kusema nimemwona au sikumwona kunawezekana hata kwa mgeni. Hesabu inakuja baadaye, kwenye kadi zenyewe. Tuseme mraba una kadi 20, na kwarara yumo katika 18, chozi fulani katika 3. Tofauti hiyo inaeleza kitu kuhusu urahisi wa kuwakuta, na ikifuatiliwa mwaka hadi mwaka inaonyesha mwelekeo. Sasa hata kutotajwa kuna maana, kwa sababu tunajua mtu alitafuta.

Ukubwa wa mraba nao una siri yake. Atlasi ya ndege wa Kenya ya Lewis na Pomeroy, iliyotoka 1989, ilitumia miraba yenye upande wa kilomita 55 hivi; pentadi 36 zinaenea ndani ya mmoja. Chukua Kinangop, makao ya Macronyx sharpei, ndege mwenye kifua cha njano na kucha ndefu, asiyepatikana nje ya Kenya. Anaishi kwenye nyasi za nyanda za juu, na nyasi hizo zimekuwa zikilimwa na kugeuzwa mashamba. Katika mraba mkubwa angebaki "yupo" hadi kipande cha mwisho cha nyasi kifikiwe na jembe. Katika miraba midogo, pengo linaonekana likipanuka kijiji kwa kijiji.

Lakini utaratibu wote huu unasimama juu ya sikio la mtu. Ndani ya msitu kama Karura, ndege wengi husikika bila kuonekana, na asiyejua sauti atafunga kadi ikiwa nusu tupu huku akiamini amemaliza kazi. Kwa hiyo ule ubishi wa Jumatano si wa bure. Mgeni anasikia mlio, anataja jina, mzoefu anamuuliza: mkia ulikuwaje, alikaa juu au chini, ulisikia mara ngapi? Ni maswali yale yale atakayoulizwa akituma rekodi ya ndege mahali asipotarajiwa. Mtu ndiye kipimo hapa, na kikundi ndicho kinachokinoa. Programu ya simu hurahisisha kuandika, haimfundishi mtu kusikia.

Udhaifu haukosekani. Kikundi cha watu ishirini kina macho mengi kuliko mtu mmoja, na pia kina kelele nyingi, hivyo saa mbili zao si sawa na saa mbili zake. Tena watazamaji hufuata barabara nzuri na mahali pa kulala: kadi zinarundikana Nairobi na kwenye mbuga, huku kaskazini kukibaki na miraba mingi myeupe. Huko kaskazini, kwa mfano Mandera, kuijaza miraba hiyo kunahitaji fedha na usalama. Kwa safari ya Jumapili kunahitaji ramani tu: iangaliwe kabla ya kupanga, na uchaguliwe mraba wenye kadi chache zaidi unaofikika kwa siku moja. Wanachama watanung'unika, kwa sababu mara nyingi mraba huo utakuwa mashamba ya mahindi na mabati, na ndege wa kwanza kuandikwa atakuwa kunguru.