Manyoya Hayatoshi: Kupima Filamu ya Katuni Iliyorudiwa kwa Sura Halisi

Kila mara katuni ya zamani inaporudiwa kwa waigizaji hai au kwa wanyama wanaofanana na wa kweli, sifa humiminwa kwa mambo yaleyale: manyoya yanavyopepea, maji yanavyometameta na vumbi linavyotimka. Sifa hizo hutolewa kwa wepesi mno, na kwa sababu hiyo kazi duni huvishwa taji ilhali kazi ya ustadi hupita bila kutajwa. Mfano ulio wazi zaidi ni *The Lion King* ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Jon Favreau, ambayo wengi waliisifu kama filamu ya wanyama hai ingawa karibu yote ilitengenezwa kwa kompyuta. Favreau mwenyewe alieleza kwamba ni kipande kimoja tu, kile cha jua linalochomoza mwanzoni, kilichopigwa Afrika kwa kamera ya kweli, naye alikichomeka miongoni mwa vipande 1,490 vya kompyuta ili aone kama kuna atakayekigundua. Ikiwa jicho la kawaida haliwezi kuvitofautisha, basi uhalisi wa sura hauwezi tena kuwa kipimo cha ubora.

Kipimo kinachofaa ni wazo linaloonekana kabla ya tendo. Wahuishaji, yaani mafundi wanaomjongeza mhusika picha baada ya picha, huliandaa kila tendo kwa kitangulizi: mwili hurudi nyuma kidogo kabla ya kuruka, jicho hugeuka kabla ya kichwa, na pumzi huvutwa kabla ya neno. Frank Thomas na Ollie Johnston, wakongwe wa Disney, walikiweka miongoni mwa kanuni 12 za uhuishaji katika kitabu chao cha mwaka 1981, *The Illusion of Life*. Mtazamaji asiyezoea hakioni, kwa kuwa filamu hupita kwa fremu 24 kila sekunde na kitangulizi huchukua fremu chache tu. Hata hivyo kikikosekana, moyo wake hupoa bila yeye kujua sababu.

Tukio la gengeni linatosha kuwa ushahidi. Katika *The Lion King* ya asili, ya mwaka 1994, simba Scar, ambaye uhuishaji wake ulisimamiwa na Andreas Deja, anazishindilia kucha zake katika miguu ya mbele ya mfalme Mufasa anayening'inia gengeni, kisha anainama taratibu hadi karibu na uso wake, huku macho ya Mufasa yakipanuka kwa kutambua kwamba muuaji wake ni ndugu yake wa damu, ndipo anapomtupa. Kifo hutokea kwanza usoni, halafu bondeni. Katika toleo la 2019 kucha zipo, lakini nyuso zimefungwa ndani ya mipaka ya maumbile ya simba wa kweli, na Scar anamalizia kwa kofi tu.

Utetezi kwamba simba wa kweli hana nyusi, na hivyo hawezi kuonyesha hisia usoni, hauna uzito. Wachoraji wa 1994 walizuru Kenya, wakaletewa simba hai studioni, wakajifunza maumbile yao, na baada ya hapo ndipo wakachagua la kuacha. Vivyo hivyo Glen Keane, alipombuni Beast wa *Beauty and the Beast* ya mwaka 1991, alichanganya kichwa cha nyati, paji la sokwe na manyoya ya shingo ya simba, lakini akamwachia macho ya binadamu. Wanaokwepa kazi hiyo ya kuchagua hutambulika kwa hila zao: mhusika anapozungumza, kamera hupelekwa mbali, au yeye hugeuzwa kisogo, na muziki huongezwa sauti ili kuziba pengo.

Zipo dalili nyingine za kazi duni. Wimbo wa mapenzi wa jioni usiimbwe mchana kweupe, kama ulivyoimbwa katika *The Lion King* ya mwaka 2019. Toleo jipya lisizidi la asili kwa zaidi ya robo saa: *The Little Mermaid* ilikuwa na dakika 83 mwaka 1989 na ikafika 135 mwaka 2023, na nyongeza hiyo haikuleta hata wazo moja ambalo penseli haikuwa imelimaliza. Enzi za penseli kila mstari uligharimu jasho la mtu, na uzembe haukuwa na mahali pa kujificha.

Kazi njema haijakosekana. Katika *How to Train Your Dragon* ya mwaka 2025, Dean DeBlois, aliyeongoza pia ile ya 2010 pamoja na Chris Sanders, alimbakizia joka Toothless macho yake makubwa. Kijana Hiccup analinyooshea joka hilo mkono huku amegeuza uso. Joka linasita, kisha linaweka pua yake kiganjani. Kusita huko ndiko kunakoibeba filamu nzima.

Kabla ya kusifu toleo lolote jipya, mtazamaji na alitazame tukio lake kuu pamoja na lile la asili, sauti ikiwa imezimwa. Toleo ambalo nyuso zake haziwezi kusimulia kisa bila sauti halistahili sifa, hata manyoya yake yawe mazuri kiasi gani.